Walowezi wa angani, muungano wa maadui, na Malindi ya 1498

Tangu kitu cha angani kiitwacho 3I/ATLAS kionekane mwezi Julai 2025, habari za viumbe wa anga za mbali zimeingia hadi kwenye baraza za kahawa hapa Malindi. Video zinazopita kwenye simu zinadai kuwa kile ni chombo, kwamba kimetumwa kutuchungulia, na kwamba nyuma yake unakuja muungano wa majeshi ya sayari kadhaa. Wapo wanaochanganya hayo na pete ya chuma iliyoanguka kijijini Mukuku, kaunti ya Makueni, tarehe 30 Desemba 2024. Na kwa vile hapo Ngomeni tuna kituo cha anga ambacho kila mtu anakiita San Marco, nacho hakikosi kutiwa ndani: ati Waitaliano wanazungumza na hao viumbe na sisi tunafichwa.

Katikati ya maneno hayo kuna swali moja la maana, ambalo vijana hasa hulirudia. Binadamu wakishahamia Mirihi, au mbali zaidi, wakakutana huko na viumbe wenye akili walioungana dhidi yao, itakuwaje? Linastahili kujibiwa kwa utulivu. Ndani yake mna mambo yanayojulikana vizuri, mna mambo ya kukisia, na mna jambo moja ambalo sisi watu wa mwambao tuna haki ya kulisemea kuliko wengi.

Tuyaondoe kwanza yale mepesi. 3I/ATLAS ni nyotamkia: donge la barafu na vumbi ambalo likikaribia jua hupata joto, likatoa gesi na kuota mkia. Upekee wake ni kwamba halikuzaliwa kwenye mfumo wa jua letu. Ni kitu cha 3 cha namna hiyo kuwahi kutambuliwa, baada ya 'Oumuamua mwaka 2017 na Borisov mwaka 2019. Lilipotukaribia zaidi, tarehe 19 Desemba 2025, lilikuwa umbali wa kilomita milioni 270 hivi, mbali kuliko jua lenyewe. Pete ya Mukuku, yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi, ilielezwa na Shirika la Anga za Juu la Kenya kuwa ni kipande cha roketi. Na San Marco ilirusha setilaiti kati ya 1967 na 1988. Siku hizi inafuatilia setilaiti zinazopita na kupokea data zake.

Sasa maneno yenyewe. Kiumbe wa anga za mbali ni chochote chenye uhai ambacho hakikutoka Duniani, hata kama ni kijidudu kisichoonekana kwa macho. Wanaotuhusu hapa ni wale wenye akili ya kuunda vyombo na kutuma ujumbe. Mawasiliano ya kwanza ni pale pande mbili ambazo hazikuwahi kujuana zinapotambuana, iwe kwa kukutana ana kwa ana, kwa kunasa mawimbi ya redio, au kwa mmoja kukuta mabaki ya mwenzake. Walowezi ni watu waliohama kabisa kwenda kuishi sayari nyingine, tofauti na wanaanga wanaokwenda na kurudi. Walowezi wa aina hiyo hawapo bado. Nje ya Dunia binadamu amekanyaga Mwezini tu, na waliokanyaga ni 12, kati ya 1969 na 1972. Muungano nao ni makubaliano ya pande mbili au zaidi kutenda jambo pamoja, kila upande ukibaki na mambo yake.

Umbali ndio unaoamua karibu kila kitu

Nuru husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, na hakuna kitu kinachojulikana kuipita. Kutoka Mwezini hutufikia kwa sekunde 1.3. Kutoka kwenye jua, dakika 8 na ushei. Kutoka Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote ukiacha jua, huchukua zaidi kidogo ya miaka 4. Ndiyo maana wanaastronomia hupima kwa mwaka wa nuru, yaani umbali ambao nuru huukata kwa mwaka mmoja: kilomita trilioni 9.5 hivi.

Vyombo vyetu havikaribii kasi hiyo. Voyager 1 imekuwa safarini tangu Septemba 1977, na umbali iliofikia mpaka leo nuru huukata kwa takriban siku moja. 3I/ATLAS, ambayo watu wanaiona inakimbia mno, iliingia kwenye mfumo wetu kwa kasi ya kilomita 58 hivi kwa sekunde. Ingekuwa inaelekea Proxima kwa kasi hiyo, ingefika baada ya zaidi ya miaka 20,000.

Hapo uvumi mwingi unaanguka wenyewe. Jeshi linalosafiri miaka 20,000 linafika likiwa limesahau aliyelituma.

Basi na tuutazame huo muungano. Kabla ya simu za upepo, mfanyabiashara wa Malindi au Lamu aliyekuwa na mshirika Maskati au Gujarati alipeleka barua kwa jahazi wakati wa kusi, na jibu likarudi na kaskazi. Kati ya barua na jibu, bei ilishabadilika, mtawala alishakufa, au mshirika mwenyewe alishafilisika. Biashara iliendelea kwa sababu palikuwa na ndoa, dini moja na uaminifu wa vizazi. Lakini kupanga vita vya pamoja kwa barua za msimu ilikuwa shida kubwa. Sasa urefushe msimu huo. Sayari mbili zilizoachana kwa miaka 10 ya nuru zikitaka kukubaliana kushambulia, swali na jibu lake peke yake huchukua miaka 20. Zikiwa tatu au nne, zenye umbali usiolingana, kila moja inapigana na habari za zamani.

Kwa hiyo muungano wa nyota nyingi wenye makao makuu na amri ya pamoja, kama unavyoonyeshwa kwenye video, ni kitu kigumu mno kukishika pamoja. Ninaona njia mbili tu zinazoelezeka. Ya kwanza ni viumbe wa sayari na miezi inayozunguka nyota ileile, ambako ujumbe hufika kwa dakika au saa. Ya pili ni mashine zilizotumwa zamani zikiwa na amri tayari kichwani, zisizohitaji kumuuliza mtu. Hii ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu mashine haina wa kumbembeleza.

Je, tumewahi kusikia chochote?

Hapana, na tumesikiliza. Mwaka 1960 Frank Drake alielekeza darubini ya redio ya Green Bank, Marekani, kwenye nyota mbili za jirani, Tau Ceti na Epsilon Eridani. Hakusikia kitu. Tarehe 15 Agosti 1977 darubini ya Big Ear huko Ohio ilinasa mawimbi makali kwa sekunde 72, na hayakurudi tena. Leo hata darubini ya redio ya MeerKAT ya Afrika Kusini, yenye madishi 64, inatumika kutafuta ishara hizo. Idadi ya sayari zilizothibitishwa nje ya mfumo wetu imepita 6,000, na hakuna hata moja iliyotusalimu.

Wapo wanaosema kwamba mawimbi yakija kwa mpangilio, lazima kuna anayeyatuma. Mwaka 1967 Jocelyn Bell, akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu Uingereza, aligundua mapigo ya redio yaliyokuja kwa mpangilio kamili kila sekunde 1.3. Wenzake wakayapa jina la utani la watu wadogo wa kijani. Ilikuwa nyota iliyokufa, ndogo na nzito ajabu, inayozunguka kwa kasi na kumulika kama taa ya mnara wa bandari.

Ngomeni nayo ina sehemu yake, na inaniudhi kwamba watoto wetu wanasimuliwa uvumi badala ya hii. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, roketi iliondoka kwenye jukwaa la San Marco lililo baharini na kupeleka setilaiti angani. Kwa heshima ya siku hiyo setilaiti iliitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei kutoka angani. Iligundua kwamba chanzo kimoja cha eksirei, Centaurus X-3, kinapiga mapigo kila sekunde 4.8, bila kukosea. Hakuna kiumbe aliyekuwa akiyapiga. Ilikuwa tena nyota iliyokufa kama ile ya Bell, yaani nyota ya nyutroni, inayonyonya gesi ya nyota mwenzake. Uhuru ilisaidia pia kutambua Cygnus X-1, ambayo baadaye ilikubaliwa kuwa shimo jeusi. Hilo ndilo lililotoka San Marco.

Kwa nini wawe maadui?

Jibu la haraka ni kwamba watakuja kutunyang'anya maji, dhahabu au sisi wenyewe. Maji yamejaa angani. Europa, mwezi mmoja wa Mshtarii, unaaminika kuwa na bahari chini ya barafu yake yenye maji mengi kuliko bahari zote za Dunia, na nyotamkia ni barafu zinazoelea bila mwenyewe. Madini yako kwenye asteroidi, yaani miamba inayozunguka jua, ambako kuyachukua ni rahisi kuliko kuyanyanyua kutoka kwenye sayari yenye mvutano kama wetu. Kuhusu kutula, miili yao ingekuwa imejengwa kwa kemia iliyokua mbali na yetu, na huenda nyama yetu isiwafae chochote.

Inabaki hofu, na hofu haihitaji tamaa. Upande mmoja unauona mwingine kwa mbali, haujui nia yake, na hauwezi kuuliza na kujibiwa kwa wakati. Kila upande unajua kwamba kufikia habari zitakapofika, mwenzake atakuwa ameshaendelea. Anayeogopa hivyo anaweza kushambulia kwanza bila chuki yoyote. Mwaka 1974 ujumbe wa redio ulipotumwa kutoka Arecibo, Puerto Rico, kuelekea kundi la nyota liitwalo M13, lililo umbali wa miaka 25,000 ya nuru hivi, Martin Ryle, mwanaastronomia mkubwa wa Uingereza, alilalamika waziwazi. Alihofia kwamba tunajitangaza kwa tusiowajua. Hakuwa mtu wa kuzusha mambo. Mwaka huohuo alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Kuna na suala la umri, ambalo husahauliwa. Dunia ina miaka bilioni 4.5. Galaksi yetu ina nyota za zaidi ya miaka bilioni 12. Sisi tumetumia redio tangu miaka ya 1890 tu. Viumbe wengine wakiwepo, uwezekano wa wao kuwa kwenye kiwango chetu hasa ni mdogo mno: ama ni vijidudu, ama wametupita kwa mamilioni ya miaka. Vita vya majeshi mawili yanayolingana, merikebu kwa merikebu, ndivyo visivyoelekea kutokea.

Nani anamwendea nani

Nimekuja kwenye lile jambo letu. Katika swali la vijana, walowezi ni binadamu. Wao ndio wanaofika mahali pa wenyewe. Ukilisoma swali hivyo, muungano wa maadui unabadilika sura: ni wenyeji waliowaona wageni wakishuka. Sisi mwambaoni tumewahi kuwa upande huo wa pili, na kumbukumbu zake zipo.

Mwezi Aprili 1498 merikebu tatu za Vasco da Gama zilitia nanga mbele ya Malindi. Zilikuwa zimetoka Lisbon Julai 1497, zikazunguka ncha ya kusini ya Afrika, zikagombana na wenyeji Msumbiji, na zikaondoka Mombasa baada ya siku chache kwa shaka na uhasama. Malindi zikapokewa vizuri. Watu wa Malindi hawakuwa wapole kuliko wa Mombasa. Mtawala wao alikuwa na ugomvi na Mombasa, mji uliokuwa na nguvu zaidi, na katika wageni wale wenye mizinga aliona mshirika. Akawapa chakula na rubani wa kuwavusha Bahari ya Hindi. Waling'oa nanga tarehe 24 Aprili, majira ya kusi yakianza, na tarehe 20 Mei wakawa Calicut, India.

Wareno hawakukuta Waswahili kama upande mmoja. Walikuta Kilwa, Mombasa, Malindi, Lamu na Pate, kila mji na mtawala wake, hesabu zake na kinyongo chake. Hapakuwa na mkutano wa kwanza mmoja. Ilikuwa kadhaa, ndani ya miaka michache, na kila mmoja ukaisha kivyake kwa sababu ya mambo yaliyokuwepo kabla merikebu hazijaonekana upeoni. Mwaka 1505 Francisco de Almeida alikuja na kundi kubwa la merikebu, akaipora Kilwa, akaiteka Mombasa na kuichoma. Malindi ilisalimika. Urafiki ule uliilinda kwa takriban karne moja, mpaka Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus Mombasa mwaka 1593 na kumhamishia huko sheikh wa Malindi awe mtawala. Malindi ikaachwa nyuma. Nguzo ya Vasco da Gama ingali imesimama kwenye rasi yetu, na watalii hupiga picha.

Kuna mfano wa kinyume pia. Mwaka 1415 Malindi ilipeleka twiga kwa mfalme wa China, na katika miaka iliyofuata merikebu za Zheng He, amiri wa mfalme huyo, kubwa kuliko za da Gama na nyingi zaidi, zilifika mwambao huu. Wale wangeweza kutufanya walichotaka. Walibadilishana zawadi na bidhaa, wakaondoka, na baada ya 1433 wakuu wa kwao wakazisimamisha safari. Nguvu za mgeni peke yake hazitabiri nia yake, na nia yenyewe hubadilika kwa siasa za nyumbani kwake.

Na Lamu je? Karibu mwaka 1812 Pate na Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, waliungana wakashuka Shela kuipiga Lamu. Lamu ilishinda pale mchangani. Lakini kwa kuhofia kisasi ilimwomba Sayyid Said wa Oman ulinzi, naye akatuma liwali na askari. Ngome ya Lamu ikamalizwa miaka ya 1820. Kufikia 1837 Mombasa nayo ilikuwa mikononi mwake. Walioitwa kulinda wakabaki kutawala.

Ukiyaweka hayo mbele ya walowezi wa angani, mambo mawili yanaonekana ambayo video hazisemi. Muungano dhidi yao huenda usiwepo siku wanayofika. Kufika kwao ndiko kunakoweza kuuzaa, kwa kuwapa wenyeji waliokuwa wakigombana adui mmoja. Vilevile, atakayewakaribisha kwa mikono miwili huenda anatafuta silaha dhidi ya jirani yake, na walowezi wakimkubali wamejiingiza kwenye ugomvi wasioujua mzizi wake. Da Gama alifaidika na ugomvi wa namna hiyo. Waliolipa ni Mombasa, na mwishowe Malindi yenyewe.

Nani atajibu kwa niaba yetu

Mlowezi wa Mirihi akinasa ujumbe leo, habari itachukua kati ya dakika 3 na 22 kufika Duniani, kutegemea sayari zilivyokaa. Hiyo si mbaya. Walowezi wa nyota nyingine wangengoja miaka, na kufikia jibu la nyumbani lifike, watakuwa wameshaamua wenyewe, kama kila nahodha aliyekuwa mbali na mfalme wake.

Kuna utaratibu? Upo, dhaifu. Mwaka 1989 Akademia ya Kimataifa ya Usafiri wa Anga ilitoa kanuni, zikarekebishwa 2010: anayenasa ishara aihakiki kwanza, awajulishe wengine, na asijibu mpaka mashauriano ya kimataifa yafanyike. Hakuna sheria inayomlazimisha. Wenye nguvu ya sheria ni Mkataba wa Anga za Juu wa 1967. Unakataza nchi kujimilikisha Mwezi au sayari yoyote. Unasema pia kwamba nchi inawajibika kwa shughuli za angani za watu wake, kampuni binafsi zikiwemo. Kwa hiyo kampuni ikipeleka walowezi, nao wakafunga mapatano ya siri na wenyeji fulani dhidi ya wengine, kuna serikali itakayobeba lawama. Lakini mkataba uliandikwa kabla mtu hajakanyaga Mwezi, na kuhusu kukutana na viumbe wenye akili haukusema kitu.

Hili la nani anazungumza kwa niaba ya nani limeshatupita mara moja. Voyager ilipoondoka 1977 ilibeba sahani yenye salamu za lugha 55, zilizokusanywa na kikundi kidogo kilichoongozwa na mwanaastronomia wa Marekani, Carl Sagan. Kiganda kimo. Kinyanja kimo. Kisotho kimo, na hata Kiakkadi ambacho hakuna anayekizungumza tena. Kiswahili hakimo. Sidhani kwamba ilikuwa dharau, lakini inaonyesha jinsi watu wachache walio karibu na mtambo wanavyoweza kusema kwa niaba ya sayari nzima bila kuulizwa.

Kenya ni mwanachama wa mkataba ule wa 1967, na imo kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya matumizi ya amani ya anga, inayokutana Vienna. Ina ardhi karibu na ikweta ambayo warushaji roketi wanaitamani, na ina Ngomeni. Wajumbe wetu wana pa kusimama na kudai kwamba mashauriano kabla ya kujibu yawe sheria, na kwamba kibali chochote cha kupeleka walowezi kiwazuie kuingia muungano na yeyote watakayemkuta huko kabla Dunia nzima haijasikizwa. Vibali vya kwanza vitaandikwa na nchi chache zenye roketi, na huenda visingoje sana. Dai hilo lipelekwe Vienna sasa.